Kuipiga Picha Miezi ya Mirihi Kutoka Ngaramtoni

Tarehe 19 Februari 2027 Dunia itapita katikati ya Jua na Mirihi. Hutokea hivyo kila baada ya miezi 26 hivi, na ndizo wiki chache ambazo darubini ya mtu wa kawaida inaweza kuipiga sayari hiyo picha ya maana. Sisi wa Ngaramtoni tutachelewa kidogo, maana itachomoza upande ule ule uliozibwa na Mlima Meru. Tusinung'unike. Karibu saa saba usiku itakuwa juu sana, penye hewa chache ya kutusumbua.

Mirihi yenyewe haina shida. Funga kamera ndogo mahali pa lenzi ya jicho, rekodi video ya dakika mbili, kisha programu ya bure kama AutoStakkert ichague fremu zilizotulia na kuzijumlisha.

Shida ni miezi yake miwili. Fobosi ina upana wa kilomita 22 hivi, Deimosi 12 tu, nayo Mirihi huing'aria zaidi ya mara laki moja. Ukiiacha kamera ikusanye mwanga wa kutosha kuinasa, sayari hugeuka donge jeupe linalomeza kila kitu kando yake. Asaph Hall, aliyeigundua miezi hiyo Washington mwezi Agosti 1877 kwa darubini ya lenzi ya sentimita 66, aliisogeza Mirihi nje kidogo ya eneo analotazama. (Alikaribia kukata tamaa, mkewe Angeline ndiye aliyemhimiza arudi kazini. Shimo kubwa la Fobosi linaitwa Stickney, jina la ukoo wa mama huyo.) Mwenye kioo cha sentimita 25 afanye vivyo hivyo, na aanze na Deimosi iliyo mbali zaidi na mwako.

Sasa, nukta ikitokea, usikimbilie kushangilia. Mimi niliwahi kuwaonyesha majirani "Fobosi" yangu kwa fahari. Nilipoizungusha kamera, nyota zilihama kwenye picha, nukta yangu ikabaki pale pale: ulikuwa mwanga wa Mirihi uliodunda ndani ya lenzi. Ilinibidi niwarudie wale majirani mmoja mmoja. Hata Padre Angelo Secchi, Mjesuiti aliyeichora Mirihi akiwa Roma mwaka 1858, aliliita doa moja mfereji; waliomfuata wakachora mifereji mingi ambayo haipo kabisa.

Kwa hiyo piga picha ya pili baada ya saa moja. Nyota ya nyuma itakuwa imeachwa mbali, kwa sababu Mirihi inasogea. Fobosi huizunguka Mirihi kwa saa 7 na dakika 39, hivyo lazima iwe imehama upande wake. Linganisha na programu ya Stellarium. Deimosi, inayochukua saa 30, idai usiku wa pili.

Na kwa kuwa sayari na miezi hupigwa kwa mwanga tofauti kisha huunganishwa, andika chini ya picha: "Picha mbili."