Kengele ya Baiskeli Haichaguliwi kwa Sikio la Dukani

Kengele nyingi za baiskeli hununuliwa kwa namna moja. Mteja anazipiga moja baada ya nyingine palepale kaunta, zikiwa usawa wa kifua chake, na iliyoumiza masikio zaidi ndiyo anayoilipia. Akishaingia barabarani, haipiti wiki kabla hajaanza kupiga mbinja na kupaza sauti "njia, njia!" kama asiye na kengele kabisa. Wala kengele haijaharibika. Ilichaguliwa kwa kipimo kisichohusiana na kazi yake.

Kazi yake ni kumfikia mtu aliyekupa mgongo, aliye mita 15 au 20 mbele yako, katikati ya kelele za mji, na kumjulisha mambo mawili: kuna baiskeli inakuja, na inatokea upande gani. Ukubwa wa sauti unasaidia, ila ni sehemu tu ya habari.

Tuanze na zile namba zinazoandikwa kwenye maboksi. Utakuta kengele imeandikwa desibeli 90, jirani yake 100, na honi za betri zinadai 110 na zaidi. Desibeli isiyotajiwa umbali haikuelezi kitu. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 20 kila umbali unapoongezeka mara kumi. Kengele iliyopimwa desibeli 100 na chombo kilichowekwa sentimita 10 tu kutoka kwake, itamfikia aliye mita moja ikiwa na desibeli 80, na aliye mita 10 ikiwa na 60. Sitini ndiyo sauti ya watu wawili wanaoongea kwa utulivu wakiwa wamekaa karibu. Kando ya barabara yenye magari mengi, kelele hufika 70 na kuzidi. Kwa hesabu hiyo peke yake, kengele isingesikika.

Kinachoiokoa ni wembamba wa sauti. Muungurumo wa injini na matairi una nguvu zake nyingi kwenye sauti nzito, karibu na hezi 1,000 na chini ya hapo. Sikio la binadamu nalo lina wepesi wa pekee kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Sauti iliyoko hapo hulifikia hata ikiwa dhaifu. Kengele nzuri hulia katika eneo hilo, juu ya muungurumo, na ndiyo maana kipande kidogo cha shaba kinachosukumwa kwa dole gumba kinaweza kusikika kwenye barabara ambayo mtu akiita hasikiki.

Hapo ndipo watengenezaji wengi wa siku hizi wanapopitiliza. Kikombe cha kengele, yaani lile bakuli linalotoa sauti, kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo sauti inavyozidi kuwa nyembamba. Vikombe vidogo vya milimita 30 hivi vinapendeza machoni na havichukui nafasi kwenye usukani, lakini mlio wake huwa juu sana. Mtu anapozeeka, sauti nyembamba ndizo zinazomtoka kwanza. Kijana wa dukani atakuambia kengele hiyo inalia vizuri sana, na kwake ni kweli. Babu anayevuka barabara akielekea msikitini huenda asiisikie kabisa, naye ndiye asiyeweza kuruka pembeni kwa haraka. Mimi sinunui kengele ambayo wazee hawaisikii. Ya milimita 55 au 60 inatosha kwa watu wengi, na zile kubwa za milimita 80, zenye vikombe viwili vinavyolia noti mbili tofauti, ni bora zaidi kwa anayepita sokoni kila siku.

Suala la upande gani halizungumzwi sana, nalo lina uzito kuliko desibeli zote. Watazame wawili wanaotembea bega kwa bega unapowapigia kengele. Huachana, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha mmoja anaghairi na kumrudia mwenzake, katikati kabisa ya njia yako. Wameisikia. Hawakujua tu inatoka wapi. Kwa sauti nzito, chini ya hezi 1,500 hivi, ubongo hutambua upande kwa tofauti ya muda ambao sauti hufika sikio moja kabla ya jingine. Kwa sauti nyembamba, juu ya hezi 3,000, kichwa chenyewe hulikinga sikio la upande wa pili, na tofauti ya nguvu ndiyo inayotoa jibu. Katikati ya hapo njia zote mbili ni dhaifu. Noti moja safi iliyoangukia katikati hiyo inasikika vizuri na bado mtu hajui ageukie wapi. Dawa yake ni mlio uliochanganyika, wenye noti nyingi kwa pamoja na mapigo mengi yanayofuatana.

Ndiyo sababu naipendelea ile kengele ya kizamani ya kuzunguka, iliyokuja na baiskeli za Raleigh na Phoenix. Fungua kikombe chake uone. Kikono unachosukuma kina meno, meno yanazungusha gia ndogo, na gia inazungusha kwa kasi kipande cha bati chenye washa mbili zilizolegea. Zikizunguka hurushwa nje na kugonga vinundu vilivyo ndani ya kikombe, mara kadhaa kwa msukumo mmoja. Washa hizo zimelegezwa makusudi. Anayezikaza akidhani zimechakaa ameinyamazisha kengele. Aina ya pili ni ile ya kinyundo kimoja kilichoshikwa na springi: unakivuta na kukiachia, kinagonga mara moja, "ting!" Ikiwa ya shaba nene, mlio wake ni safi na unadumu, nayo ni nzuri kwenye njia za kimya. Kwenye msongamano, pigo moja humezwa.

Madini yana neno lake. Shaba ya manjano hulia kwa muda mrefu, na haishiki kutu. Inapoteza mng'aro na kugeuka kijani tu. Chuma kilichopigwa kromu hulia kwa nguvu kikiwa kipya, ila kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja kromu huanza kubanduka, na kutu iliyoingia ndani ya kikombe huua mlio. Alumini ni nyepesi na nafuu, mlio wake kwa kawaida ni mfupi. Anayeishi pwani na ana uwezo anunue ya shaba. Wa Tabora au Shinyanga anaweza kufaidi chuma kwa miaka mingi.

Ukiwa dukani, omba kikombe kifunguliwe. Kiangike kwenye ncha ya kalamu kwa tundu lake la katikati, kisha kidonoe ukingoni kwa ukucha. Kikombe kizuri kitaendelea kuvuma sekunde kadhaa. Kisha kiguse ukingo kwa kidole: sauti inakatika papo hapo. Jaribio hilo dogo linafundisha kila kitu kuhusu ufungaji. Ukingo ndio unaotikisika, katikati pametulia, kwa hiyo kikombe kishikwe katikati tu na ukingo uwe huru. Nikiletewa kengele "iliyokufa" huwa natazama kwanza kama waya wa breki haujaegemea ukingo wake, au mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye usukani. Mara nyingi ugonjwa ni huo.

Upande wa kuifunga nao una maana. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, na anayekata kulia hutoa mkono wa kulia kuonyesha. Mkono wa kushoto ndio unaobaki kwenye usukani, hivyo kengele iwe kushoto, mahali dole gumba linapofika bila vidole kuachia breki. Kongo, Rwanda na Burundi wanapita kulia, kwa hiyo kwao ni kinyume. Pima pia unene wa bomba kabla ya kulipa: karibu na mishikio huwa milimita 22, lakini katikati ya usukani wa baiskeli nyingi za kisasa hufika 31.8, na bangili ya kengele ya kawaida haizunguki hapo.

Sasa honi. Wapo wanaosema kengele imepitwa na wakati, afadhali honi ya betri au ile ya hewa inayojazwa kwa pampu. Siafiki. Mtu wa miguu akipigiwa honi kwa nyuma hushtuka, na aliyeshtuka huruka bila kutazama. Isitoshe, honi inamwambia kuna gari au pikipiki, kwa hiyo anakimbia kukwepa kitu kipana chenye kasi, pengine hadi mtaroni. Kengele inatambulika. Muuza kahawa wa Mombasa au Unguja hana haja ya kuita wateja. Anagonganisha vikombe, na kila mtu anajua ni nani anayepita. Kengele ya baiskeli ina faida hiyohiyo, na anayeiacha anajinyima. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofikiwa Vienna mwaka 1968, katika kifungu cha 44, unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, na isiwe na chombo kingine chochote cha kutolea onyo la sauti. Sheria ya Ujerumani inashikilia vivyo hivyo hadi leo.

Kuhusu magari, tusidanganyane. Gari lililofunga vioo, kiyoyozi na redio vinafanya kazi, huzuia zaidi sauti nyembamba, yaani zilezile za kengele. Kumpigia dereva wa lori kengele ni kumpigia mbuzi gitaa. Hapo kinachokulinda ni breki, taa, na kukaa mahali anapokuona. Aliyeziba masikio kwa spika zenye muziki naye mhesabu kama lori: punguza mwendo na umzunguke kwa mbali.

Kwa wengine wote, piga mapema. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni mita 4 na ushee kila sekunde. Ukipiga ukiwa mita 20, umempa karibu sekunde tano za kusikia, kugeuka na kuamua. Ukipiga ukiwa mita tano ana sekunde moja, na hapo kengele yoyote, hata iwe ya bei gani, imeshachelewa. Piga, subiri aonyeshe kwamba amesikia, kisha piga tena ukiwa umeshika breki.

Matunzo ni machache. Tone moja la oili ya cherehani kwenye ekseli ya gia kila baada ya miezi michache, na si grisi, kwa sababu grisi hukusanya vumbi na gia zikagoma. Kikombe chenyewe kisipakwe kitu. Mvua ikikulowesha, kifute, maana matone yanayoning'inia ukingoni hupunguza mlio. Springi ikikatika, fundi baiskeli mwenye kopo la vipuri chakavu atakupatia nyingine. Kikombe kilichopata ufa hakina dawa, kibadilishe.