Maadili ya kuingilia mawasiliano ya intaneti

Kuingilia mawasiliano ya intaneti ni kitendo cha kampuni inayotoa huduma ya intaneti kuchunguza, kupunguza kasi, kubadilisha au kuzuia data zinazopita kati ya mteja na tovuti au programu anayotumia.

Namna inavyofanyika

Data husafiri katika pakiti ndogo. Kila pakiti ina anwani, kama bahasha ya barua, na kampuni lazima iisome ili kuifikisha. Tovuti nyingi siku hizi hufunga yaliyomo kwa maandishi ya siri, lakini kwa kawaida kampuni huweza kutambua tovuti inayotembelewa. Hilo linatosha kuizuia tovuti moja na kuacha nyingine.

Mifano

Nchini Uganda intaneti ilizimwa tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, kwa agizo la tume ya mawasiliano, ikarudishwa tarehe 18. Nchini Tanzania mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa kuanzia tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi. Mtandao wa X ulizuiwa mwezi Mei 2025, na intaneti ilizimwa nchini kote tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi.

Hoja za kimaadili

Si kila uingiliaji ni kosa. Mnara wa simu ukielemewa jioni mjini Singida, kupunguza kasi ya watumiaji wote kwa usawa ni kama kugawa maji kisimani kwa foleni. Kuchagua nani apite na nani asipite ni jambo lingine, hasa likifanyika kimya. Mkulima wa alizeti wa Iramba asiyeweza kumpata mnunuzi kwa WhatsApp atadhani simu yake ni mbovu, au atanunua kifurushi kingine bure.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria. Kampuni hubanwa katikati: leseni yake hutoka kwa mamlaka, na fedha zake kwa mteja. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni matatu: je, kuna sheria inayoruhusu? Je, hatua inalingana na hatari iliyopo? Je, mteja amejulishwa? Hata agizo likiwa halali, kampuni inayomficha mteja inamnyima nafasi ya kulipinga mahakamani.