Uteuzi wa Mafuta katika Utengenezaji wa Sabuni ya Mche

Sabuni hupatikana mafuta yanapoungana na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, ambako mikono ya wachumaji hushika madoa ya utomvu wa majani, mwenye kutaka kutengeneza sabuni ya mche nyumbani hana budi kuanza na swali moja: atumie mafuta gani?

Jibu la karibu ni shahamu ya ng'ombe, kwani Wakipsigis ni wafugaji tangu jadi na mabucha hayakosekani. Shahamu hutoa mche mgumu usioisha upesi, ila povu lake ni haba. Mafuta ya nazi, yatokayo pwani, hutoa povu jingi hata katika maji ya chumvi, lakini yakizidi hukausha ngozi. Ya alizeti ni mororo kwa ngozi. Yakitawala, mche huwa teketeke na hupata uvundo mapema. Ndiyo maana watengenezaji wengi huyachanganya.

Hata hivyo, mafuta hayabadilishwi kiholela. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda. Ya shahamu, gramu 140. Ya alizeti, gramu 135. Anayeacha nazi akashika shahamu bila kupunguza kostiki hubakiwa na ziada ya gramu zipatazo 40, nayo huunguza ngozi ile ile iliyokusudiwa kutakaswa. Mizani, basi, na itangulie sufuria.