Gari la Haibridi: Tuzijue Herufi za Gia Zake

Akina mama wengi tulijifunza udereva kwa gari la gia za mkono. Siku tunapokabidhiwa ufunguo wa Toyota Prius au Aqua iliyotumika Japani, tunashangaa. Klachi haipo, na gari likiwashwa halingurumi. Ndugu msomaji, ukimya huo ndio unaotufanya tuandike habari hii, maana gari lisilo na kelele laweza kumdanganya mama mwenye watoto.

Haibridi ni gari lenye nguvu za aina mbili: injini ya petroli na mota za umeme zinazotumia betri kubwa. Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa wingi.

Gia zake zikoje?

Ndani ya Prius na Aqua hakuna gia ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Kuna gurudumu la meno katikati, magurudumu madogo yanayolizunguka, na pete yenye meno kwa nje. Injini na mota mbili zimeunganishwa hapo, na kompyuta hupima kila moja itoe nguvu kiasi gani. Kwa hiyo, tukichagua herufi tunaiagiza kompyuta tu. Haibridi nyingine, kama Honda Fit ya mwaka 2013, zina gia saba, lakini huko pia kompyuta ndiyo inayozibadilisha.

Tuzichukue herufi moja moja:

P ni ya kuegesha; magurudumu hufungwa. Katika Prius nyingi ni kitufe cha peke yake.

R ni ya kurudi nyuma. Hakuna gia ya kurudi. Mota ya umeme huzunguka kinyume tu.

N huliacha gari huru. Tusikae nayo muda mrefu kwenye foleni, kwa kuwa katika N betri haichajiwi hata injini ikiunguruma.

D ni ya kwenda mbele. Tukiachia mafuta au kukanyaga breki taratibu, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri.

B ni ya mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga au wa Mai Mahiu. Injini husaidia kulizuia gari, na breki hazipati moto kupita kiasi. Kwenye tambarare turudi D, maana B hupoteza mafuta.

Mkono wa gia wa Prius hurudi katikati kila unapouachia. Basi tusiuangalie mkono. Tuangalie herufi inayowaka kwenye dashibodi. Mkono wa Aqua nyingi hubaki pale ulipowekwa, kama wa otomatiki ya kawaida.

Hatari ya ukimya

Neno READY likiwaka, gari liko tayari kuondoka hata kama injini imenyamaza. Mtoto aliyeachwa ndani akigusa mkono wa gia au kanyagio, laweza kuleta maafa. Na wale wanaocheza nyuma ya gari hawatasikia linaporudi.

Sisi wauguzi tunaogopa pia jambo jingine. Gari likisahauliwa READY ndani ya gereji iliyofungwa, injini yaweza kujiwasha yenyewe ili kuchaji betri. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huenda asiamke.

Kwa hiyo tuzoee mpango huu kila tunapofika: kanyaga breki, weka P, vuta breki ya mkono, zima, hakikisha READY imetoweka, kisha shuka na ufunguo. Kabla ya kurudi nyuma, tuwahesabu watoto kwanza. Tumfundishe hivyo na dada wa kazi, na kijana wetu anayejifunza udereva. Ni kazi ya nusu dakika, nayo yaweza kuokoa nyumba nzima.