Sanduku la Posta 237

Ndugu msomaji, Noeli ikikaribia vijana wetu wa Kyela na Ipinda hutazama katika simu zao sinema za mapenzi na kuchekesha, na karibu zote huishia kwa theluji na harusi. Hebu nikueleze mwisho wa moja ya zamani, The Shop Around the Corner, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1940 na Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin. Yafaa kuzungumzwa katika kila nyumba yenye binti wa kuolewa.

Habari ni ya duka moja mjini Budapest. Alfred Kralik ni karani mkuu, Klara Novak ni muuzaji, nao hugombana mchana kutwa. Lakini kila mmoja ana mpenzi wa barua ambaye hajapata kumwona, na mpenzi huyo, umekwisha kukisia, ndiye yule yule wa dukani! Kralik aligundua kwanza, katika mkahawa walikoagana kukutana, akanyamaza. Klara, asijue, alimdharau kwa ukarani wake. (Sisi makarani tuliumia kidogo hapo.)

Mkesha wa Noeli wakabaki wawili dukani. Kralik akamdanganya kwamba amemwona mchumba wake: mnene, mwenye upara, hana kazi. Binti akanyong'onyea. Ndipo Kralik akajitia ua jekundu kifuani, alama ya barua zao, akataja sanduku la posta 237. Klara akaduwaa, kisha akamwomba apandishe suruali, aone kama kweli ana matege. Miguu imenyoka! Wakakumbatiana.

Wengi hucheka tu. Lakini barua haina miguu, ndugu msomaji, wala haiamki na hasira. Klara alipenda maneno. Sasa amtake na mtu mzima, na miguu yake. Babu zetu waliokwenda machimbo ya Chunya na ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, nao walituma barua, ila binti aliyeipokea aliijua nyumba ya mwandishi na ng'ombe wa baba yake. Leo binti wa Matema hupokea simuni maneno matamu ya mtu asiyemjua hata kijiji, huku akimnunia kijana anayemsalimu kila siku gulioni.

Sikubali yote. Kralik aliijua siri akamwacha mwenzake gizani. Huku kwetu wajomba wa binti wangeuliza sababu.

Na kuna mwisho mwingine ambao watu husahau. Mwenye duka, Bwana Matuschek, alisalitiwa na mkewe hata akataka kujiua. Kijana wake wa kutumwa ndiye aliyemwokoa. Usiku ule wa mkesha alisimama nje kwenye theluji, akiwauliza wafanyakazi waendako. Wana kwao. Akabaki Rudy, mtumwaji mpya, kijana wa miaka 17, wazazi wake wako mbali. Mzee akamhesabia vyakula, supu ya kuku na bata bukini wa kuoka, kama sisi tungehesabu wali na mbasa. Rudy akakubali, wakaenda kula.