Kipokezi ambacho malaria hukitumia

Mvuvi wa dagaa wa kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, hutega usiku, taa zikiwaka juu ya maji, huku chandarua chake kikibaki kambini. Kwa miaka mingi ya kuumwa na mbu, damu yake hujifunza mengi kuhusu malaria. Kimelea nacho hakijakaa kimya.

Kikishaingia ndani ya chembe nyekundu, hutoa protini ziitwazo RIFIN na kuzitandaza juu ya chembe hiyo. Baadhi yake hushika LAIR1, kipokezi kilicho juu ya chembe nyeupe za kinga. Kipokezi hiki ni kama breki. Kwa kawaida hushikwa na kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, na chembe nyeupe ikatulia isiushambulie mwili wenyewe. RIFIN hukanyaga breki hiyohiyo.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika damu ya watu wa Kilifi, Kenya, zimeonekana kingamwili za ajabu: katikati yake mna kipande cha LAIR1, kilichohama kutoka kromosomu ya 19. Tena kipande chenyewe kimebadilika, kimeiacha kolajeni na kuishika RIFIN kwa nguvu. Katika kazi yangu sijasoma habari ya kinga iliyonishangaza kuliko hii.

Uchunguzi wa namna hii hauwezekani bila protini za maabara. Kipokezi halisi kimezama kwenye utando wa mafuta wa seli, ukiking'oa, huganda. Kwa hiyo huchukuliwa jeni ya sehemu ya nje tu, ikapachikwa kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA, kisha ikaingizwa kwenye seli za binadamu zinazokuzwa chupani. Baada ya siku chache seli hutema protini kwenye majimaji yanayozilisha. Mkiani protini hiyo imefungiwa asidi amino sita za histidini, ambazo hung'ang'ania nikeli. Majimaji yakipitishwa kwenye mrija wenye nikeli, protini hubaki na mengine hupita. Bakteria wangeitengeneza kwa bei nafuu, ila hawaivishi sukari kama seli zetu, na mara nyingi huikunja vibaya. Protini iliyokunjwa vibaya hudanganya, ndiyo maana LAIR1 ya kawaida siiamini mpaka niione ikishika kolajeni.

Ukishakuwa nayo, unazibadilisha asidi amino zake, yaani vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine, uone ni ipi iliyoitenga na kolajeni.

Utafiti wa 2017 ulikuta kingamwili hizi kwa wingi katika asilimia 5 hadi 10 ya watu walioishi kwenye maeneo yenye malaria, na hazikuonekana kabisa kwa wachangia damu wa Ulaya waliopimwa. Lakini waliokuwa nazo hawakukingwa zaidi dhidi ya homa ya malaria. Bado si chanjo, na asitokee mtu akakuuzia jina hilo.

Ndugu zangu wa visiwani, msitegemee ukongwe wa damu. Homa ikianza, nendeni mkapime ndani ya saa 24, hata kama usiku huo dagaa wanajaa.