Je, Wajua? Ubao wa Magurudumu Usio na Breki
Je, wajua kwamba ubao wa magurudumu manne, ambao mahodari huteremka nao kwenye barabara zenye mteremko mkali na kona nyingi, hauna breki hata moja? Aupandaye, akikaribia kona, huchutama, akaegemeza barabarani kiganja kilichovikwa glavu yenye kipande kigumu cha plastiki, kisha akaugeuza ubao ukakingama, hata magurudumu yakasugua lami na kasi ikapungua. Hatari iliyo kubwa ni ubao kuyumbayumba ukiwa mbioni, na dawa yake ni kuuelemea mguu wa mbele pasipo taharuki. Mwaka 2017, huko Quebec, Kanada, mteremkaji Peter Connolly, akiwa juu ya ubao wa aina hiyo, alifikia kilomita 146.73 kwa saa. Kwa hiyo kofia ngumu ni faradhi, na barabara isiyofungwa kwa magari haifai asilani.